Ma- ya magazine si ma- ya magazeti

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita alikuwa anasoma neno magazine kwenye kitabu chake cha Kiingereza. Babu yake, mwanajeshi mstaafu, akamsahihisha kutoka barazani: "Hiyo si ya kusoma, mjukuu wangu, hiyo ni ya kujazia risasi." Mtoto naye akaja na lake: kama gazeti wingi wake ni magazeti, basi magazine na magazeti lazima ni neno moja. Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Nani yuko sahihi? Na imekuwaje karatasi na risasi zikapewa jina moja? — Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Babu yuko sahihi, na kitabu nacho kiko sahihi. Mtoto amekosa, ila amekosa kwa akili, na kabla sijamaliza nitamrudishia nusu ya maksi zake.

Tuanze na kosa lake, maana ndilo linalofungua mlango. Ma- ya magazeti ni yetu wenyewe. Ni ile ile ya majani, mayai na madaraja. Ivue, unabaki na gazeti, kitu kimoja unachoweza kukishika. Ukiivua ma- ya magazine unabaki na "gazine", ambayo haipo kwa Kiingereza wala kwa lugha yoyote ninayoijua. Lakini msimcheke. Alichofanya ndicho walichofanya mafundi wa gereji zamani walipolisikia jina la Kiingereza la lile bati linalozuia tope lisirukie gari, mudguard. Sikio la Mswahili lilisikia madigadi, likaona hapo mbele kuna ma-, likahesabu kwamba hayo ni mengi, na moja likaitwa digadi. Mpaka leo digadi ni digadi. Kiswahili kikiona ma- kinanusa wingi, na mtoto wako amenusa kama wazee wake.

Shida ni kwamba kuna ma- nyingine, nayo tumeipokea kutoka kwa Waarabu, tunaitumia kila siku bila kuiona. Mwambie mtoto aandike maneno matatu: maktaba, mahakama, madrasa. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ma- yake ni ya wingi. Hatusemi ktaba moja, maktaba mbili. Sasa ayaangalie kwa ndani. Ndani ya maktaba kuna k, t na b, zilezile za kitabu na katibu. Ndani ya mahakama kuna h, k na m za hukumu na hakimu. Ndani ya madrasa kuna d, r na s za darasa. Kiarabu hujenga maneno yake juu ya konsonanti tatu namna hiyo, na kikitaka kutaja mahali jambo linapofanyika, mara nyingi huweka ma- mbele. Mahali pa vitabu, mahali pa kuhukumu, mahali pa kusomea.

Magazine imezaliwa kwenye nyumba hiyo hiyo. Konsonanti zake tatu ni kh, z na n, na kazi yake ni kuhifadhi, kuweka akiba. Weka ma- mbele: makhzan, mahali pa kuhifadhia. Ghala, kwa neno moja.

Na sisi tumekuwa na mzizi huo huo mikononi muda wote. Kitu kilichowekwa akiba Kiarabu hukiita khazina, sisi tukasema hazina. Mwenye kukitunza ni khazin, sisi tukamvisha m- ya watu akawa mhazini. Yule mama anayeshika daftari na fedha za kikoba chenu, magazine ni binamu yake wa karibu. Kinachotuficha undugu huo ni herufi ya kwanza ya mzizi. Ile kh ya kukwaruza koo, ambayo wengi wa watu wa pwani bado wanaitamka vizuri wakisema kheri, bara tumeilainisha ikawa h: khabari ni habari, khamsini ni hamsini, khazina ni hazina. Wazungu wa kusini hawakuwa nayo, na wao hawakuilainisha, waliikaza. Wataliano wakaifanya g. Khazina ikawa na h kwetu, makhzan ikawa na g kwao, na ndugu wakapotezana.

Kuna jambo jingine lililotokea njiani, nalo litamfurahisha mtoto. Wingi wa makhzan kwa Kiarabu ni makhazin. Ukiitazama magazzino ya Kitaliano utaona irabu zake zimefuata wingi, si umoja. Bila shaka wafanyabiashara walisikia watu bandarini wakizungumzia maghala, siyo ghala, wakachukua walichokisikia. Kwa hiyo magazine kweli ina wingi ndani yake! Ila wingi huo umejificha kwenye irabu za katikati, wala hauko kwenye ma-. Sisi tumefanya vivyo hivyo na malaika. Kwa Kiarabu malaika ni wengi, mmoja ni malak. Kwetu hata akiwa mmoja ni malaika, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Safari yenyewe ilipita Bahari ya Kati. Kufikia karne ya 13 wafanyabiashara wa Pisa, Genoa, Venice na Marseille walikuwa wakipeleka bidhaa zao Tunis, Bejaia na Aleksandria, na mfanyabiashara wa ugenini kitu cha kwanza anachotafuta ni chumba chenye kufuli. Makarani wao waliandika mikataba kwa Kilatini, lakini ghala la ugenini wakaliita kwa jina la wenyeji. Wahispania, walioishi na Waarabu nyumba kwa nyumba kwa karne nyingi, walilichukua pamoja na al- yake, wakapata almacén. Wareno wakapata armazém. Hao Wareno baadaye walikuja pwani yetu wakatuachia meza, bendera na gereza, ila armazém waliondoka nayo.

Kila lilipotua, neno lilifanya kazi kulingana na lilichokikuta. Wafaransa waliligeuza magasin, duka. Ndiyo maana Bujumbura au Kinshasa, mtu aliyesoma Kifaransa akikuambia anakwenda magasin, hana habari na majarida wala bunduki, anakwenda kununua sukari. Warusi nao husema magazin kwa duka, na wenzetu waliosoma Moscow watakusimulia siku zao za kwanza walivyoona neno hilo juu ya mlango na kuingia wakitegemea kukuta majarida, wakakuta mikate. Wagiriki wana magazi, duka pia. Waturuki walilirudisha Mashariki kutoka Ulaya wakaliita mağaza, na Wairani wakalichukua kutoka kwa Wafaransa kama maghaze. Hapo ndipo mimi huwa nacheka peke yangu. Kiajemi kina khazane, hazina, iliyotoka moja kwa moja kwa Waarabu, na kina maghaze, duka, iliyozunguka Ulaya nzima kabla ya kurudi. Maneno hayo mawili yanapishana mtaa mmoja Tehran na hayasalimiani.

Morocco ndiko lilikofika juu zaidi. Huko Makhzen ni jina la dola yenyewe: kasri, mfalme, maofisa wake na mkono wao mrefu. Sababu ni nyepesi kuelewa. Nafaka na fedha za kodi ziliwekwa kwenye ghala la sultani, na mwenye ufunguo wa ghala ndiye mwenye nchi. Wanahistoria husimulia mamlaka ya masultani kwa kugawa nchi mara mbili: sehemu zilizotii Makhzen na kulipa kodi, na sehemu zilizokataa. Hata leo Mmoroko akilalamikia wakubwa, neno analolitumia ni hilo.

Waingereza walichelewa. Mwaka 1581 Malkia Elizabeth I aliwapa wafanyabiashara wa London hati ya kufanya biashara na dola ya Uthmaniya, ya Waturuki, na ni katika miaka hiyo ya 1580 ambapo magazine inaanza kuonekana kwenye Kiingereza, ikiwa bado na maana ya ghala tu, ghala la bidhaa yoyote. Haikukaa huru muda mrefu. Jeshi likaichukua.

Sababu ni baruti. Mahindi unaweza kuyaweka stoo na mafuta ya taa pembeni. Baruti inadai nyumba yake. Kuta nene, mbali na makazi, paa lisilo zito ili mlipuko ukitokea uende juu badala ya kubomoa kuta. Watunzaji walikatazwa chuma kwa sababu kikigonga jiwe kinatoa cheche. Nyundo zikawa za mbao, vifaa vikawa vya shaba, na kabla ya kuingia mtu alivua viatu vyenye misumari. Kwenye manowari chumba hicho kilikuwa chini ya usawa wa maji, na taa haikuingizwa ndani hata siku moja: iliwekwa chumba cha jirani, ikamulika kupitia kioo. Jengo la ajabu kiasi hicho lazima liwe na jina lake, na Waingereza wakalipa lile lililokuwa la maghala yote. Huko Williamsburg, Virginia, lipo moja la matofali lililojengwa mwaka 1715, lina pembe nane. Usiku wa kuamkia Aprili 21, 1775, gavana wa Kiingereza alituma wanamaji wakachukua mapipa ya baruti humo kwa siri, na raia walipogundua nusura damu imwagike. Vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vimeanza siku mbili tu nyuma, Massachusetts, na habari hazijafika. Delhi nako, Mei 11, 1857, Waingereza wachache waliokuwa wanalinda ghala kubwa la silaha waliamua kulilipua wenyewe kuliko kuliacha mikononi mwa askari wa Kihindi waliokuwa wameasi. Katika masimulizi ya Kiingereza, Williamsburg au Delhi, jengo ni magazine.

Sasa tumfikie babu. Bunduki za zamani zilijazwa risasi moja kwa moja: piga, jaza, piga, jaza. Mwaka 1860 Marekani zilipata hati miliki bunduki mbili zilizobeba akiba yake zenyewe. Ya Spencer ilificha risasi 7 ndani ya kitako. Ya Henry ilizipanga 16 kwenye bomba chini ya mtutu. Hiyo akiba iliyofichwa ndani ya silaha waliitaje? Jeshini tayari kulikuwa na neno la mahali panapohifadhiwa risasi na baruti. Ghala likapungua kutoka jengo hadi kijisanduku cha kutosha kiganjani. Mwaka 1879 James Paris Lee alipata hati miliki ya kisanduku cha kuchomeka na kuchomoa chini ya bunduki, na jina lake limebaki kwenye Lee-Enfield, ile ya risasi 10 ambayo askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikwenda nayo Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Jina lake kamili la kijeshi lilikuwa na neno magazine ndani yake. Wanajeshi wetu wakasema magazini, na babu hakosei hata chembe akisema ni ya kujazia risasi. Ni ghala ya risasi, basi.

Imebaki ile ya kusoma, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa bahati tunamjua mtu aliyelifanya jambo lenyewe.

Karne ya 17 waandishi wa Kiingereza walipenda kuita vitabu vyao maghala. Si majarida, vitabu vizima. Mwaka 1669 nahodha mmoja, Samuel Sturmy, alitoa kitabu kinene cha mabaharia, chenye hesabu, nyota, upimaji na hata habari za mizinga, na akakiita magazine ya mabaharia. Msomaji wa wakati ule alielewa mara moja: humu kimehifadhiwa kila kitu baharia anachohitaji. Ni kama sisi tunavyomwita mzee fulani hazina ya historia ya kijiji. Hatumaanishi kwamba ana fedha.

Kisha akaja Edward Cave. Alizaliwa 1691 karibu na mji wa Rugby, mtoto wa mshona viatu, akajifunza uchapaji, halafu akapata kazi posta. Kazi ile ilimfaa kuliko alivyotarajia mtu yeyote, kwa sababu magazeti ya nchi nzima yalipita mbele ya macho yake. Na yalikuwa mengi. London ilikuwa imejaa vikaratasi, kila kimoja na habari zake, mashairi yake na ugomvi wake wa kisiasa. Cave mwenyewe alipiga hesabu kwamba London peke yake ilikuwa inatoa si chini ya vipande 200 vya nusu karatasi kwa mwezi. Nani angeweza kuzinunua zote, sembuse kuzisoma?

Januari 1731 alitoa toleo la kwanza la The Gentleman's Magazine, akiwa na kiwanda chake kwenye lango la kale la St John's, Clerkenwell. Kwenye maelezo yake ya mwanzo aliahidi mkusanyiko wa kila mwezi utakaoweka hazina, kama ghalani, maandishi ya maana zaidi yaliyotoka magazetini. Neno la Kiingereza alilotumia hapo ni kitenzi cha kuweka hazina. Sidhani alijua Kiarabu hata alifu, lakini bila kujua aliiweka maana ya hazina na jina la makhzan kwenye sentensi moja, ingawa neno lake la hazina halikutoka kwa Waarabu.

Biashara ilishika. Mwaka uliofuata wapinzani wake wakatoa London Magazine, na 1739 Waskoti wakawa na yao. Kijana maskini aitwaye Samuel Johnson alianza kumwandikia Cave mwaka 1738. Johnson huyo huyo alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alipofika kwenye magazine aliweka kwanza maana ya ghala, kisha akaongeza kwamba siku hizi neno limekuwa na maana ya kijitabu cha mchanganyiko, kutokana na kile cha Edward Cave. Ni nadra mtunga kamusi kutuambia nani alilipa neno maana mpya, na zaidi nadra mtu huyo kuwa ndiye aliyekuwa akimlipa ujira.

Sasa nilipe deni langu. Cave alikuwa anakusanya nini kwenye ghala lake? Magazeti. Magazine ya kwanza ya kusoma ilikuwa ghala la magazeti. Mtoto wako aliona undugu wa damu mahali ambapo kuna undugu wa ndoa, na nusu maksi nampa kwa moyo mweupe.

Gazeti lenyewe lina ukoo mwingine kabisa. Kiingereza cha zamani kidogo kiliita karatasi ya habari gazette, na sisi tukaongeza i ya mwisho tukamaliza. Waingereza waliipata kwa Wafaransa, nao kwa Wataliano. Venice ya karne ya 16 ilikuwa na sarafu ndogo iitwayo gazeta, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba karatasi za habari zilichukua jina la sarafu ambayo watu waliitoa kuzinunua au kusomewa. Ni kama tungeita magazeti jero. Na kama babu anataka kujua kuhusu bunduki, mwambie naye asogeze kiti. Waarabu huiita Venice al-Bunduqiyya, na wako wanaoapa kwamba bunduki zimepata jina kwa kuwa zilitoka huko. Hadithi nzuri, lakini mimi siifuati. Bunduq kwa Kiarabu ni kokwa fulani za kuliwa, na lilikuwa tayari jina la vigololi vya udongo walivyovifyatua wawindaji wa ndege kwa upinde kabla baruti haijaenea. Waarabu walilipata kwa Wagiriki, walioziita kokwa za Ponto, nchi ya pwani ya Bahari Nyeusi.

Kwa mtihani, mtoto aandike jarida. Magazini tuwaachie wanajeshi. Jarida nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni karibu na nyumbani kwetu kuliko yote niliyotaja: ni kuti la mtende lililonyolewa majani, ukabaki upongoo mtupu. Watu wa Arabuni waliandika juu yake zamani kabla karatasi hazijawa nyingi. Watu wa minazi wa Tanga na Lamu, vijiti vya makuti yao wanafagilia.

Sasa pasheni ugali.